Kingo za Potomac kwa baiskeli: safari ndani ya mpaka wa vita

Kutoka Georgetown, kitongoji cha kale cha jiji la Washington, hadi Cumberland katika milima ya Allegheny, kuna njia ya kilomita 297 ambayo magari hayaruhusiwi kupita. Inaandamana na Mto Potomac upande wa Maryland, chini ya miti mirefu, na kwa sehemu kubwa imebanwa kati ya mto na mfereji mkongwe. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbu, si wale wa Serengeti bali wanyama wa kuzaliwa na punda na farasi, waliotembea ukingoni wakivuta kwa kamba mashua za mizigo za Mfereji wa Chesapeake na Ohio. Siku hizi wapitaji ni watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Wengi wao hufuata miti na maji, lakini anayejua historia ya bonde hilo anajua kwamba ananyonga baiskeli juu ya mpaka wa zamani wa nchi mbili zilizopigana.

Mfereji huo ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1828, Rais John Quincy Adams mwenyewe akishika sepetu. Siku hiyohiyo, mjini Baltimore, ilizinduliwa reli ya Baltimore na Ohio. Vyote viwili vilikusudiwa kuvuka milima na kufika Mto Ohio, na tangu saa ya kwanza vilikuwa vikishindana. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika 1850, ukiwa umeelemewa na madeni, na haukuendelea tena. Hata hivyo ulibeba makaa ya mawe kwenda Washington kwa miaka mingi, hadi mafuriko ya 1924 yalipouvunja na wenyewe wakaona haulipi kuutengeneza.

Kwa mwendesha baiskeli, urithi mkubwa wa mfereji ni utambarare wake. Maji ya mfereji hayawezi kutiririka mlimani, kwa hiyo wajenzi waliweka njiani vyumba 74 vya mawe vyenye milango ya mbao. Mashua iliingia, mlango ukafungwa nyuma yake, maji yakajazwa au kupunguzwa, nayo ikapanda au kushuka. Mwinuko wote kutoka Georgetown hadi Cumberland ni mita 184 tu, na karibu wote uko kwenye vyumba hivyo: kijimlima kifupi kando ya mlango, kisha kilomita kadhaa bila kupanda wala kushuka. Mtu asiye mwanamichezo huweza kwenda mchana kutwa bila kugusa gia. Kando ya vyumba vingi bado zimesimama nyumba ndogo za walinzi wa milango, na baadhi yake hukodishwa kwa wanaotaka kulala humo.

Kwamba magari hayapiti si jambo lililotokea lenyewe. Serikali ya Marekani iliununua mfereji mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ukatokea mpango wa kujenga barabara ya magari juu yake. Januari 1954 gazeti la Washington Post lilitoa tahariri ya kuunga mkono mpango huo. William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu, aliwaandikia wahariri akiwataka watembee naye njia nzima kwanza, ndipo waseme. Machi mwaka huo watu 58 waliondoka Cumberland kwa miguu. Waliofika Washington bila kupanda chombo chochote walikuwa tisa, jaji akiwa mmoja wao. Gazeti lilibadili msimamo, mpango wa barabara ukafifia, na mwaka 1971 mfereji wote ukatangazwa kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Si kesi nyingi ambazo jaji amezishinda kwa miguu yake.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka mwaka 1861, jimbo la Virginia lilijitenga pamoja na majimbo ya Kusini yaliyotaka kuendelea na utumwa. Maryland, ng'ambo ya pili ya mto, nayo ilikuwa na watumwa, lakini ilibaki upande wa Kaskazini, yaani wa serikali ya Abraham Lincoln. Potomac ukawa mpaka. Mfereji ulikuwa kwenye ukingo wa Kaskazini, ukilisha Washington makaa na nafaka, na kwa sababu hiyo majeshi ya Kusini yalirudi tena na tena kubomoa kuta zake, kuchoma mashua na kujaribu kuvunja mabwawa yaliyoupatia maji. Jambo la kuzingatia ni kina cha mto. Mwishoni mwa kiangazi maji ya Potomac wa juu hupungua hata askari kuvuka kwa miguu, ilhali mvua kubwa ikinyesha hakuna anayepita bila daraja. Kalenda ya mapigano katika bonde hili iliandikwa na mvua kadiri ilivyoandikwa na majenerali, na hilo huonekana wazi kwa mtu anayesafiri kando ya maji kwa mwendo wa pole kuliko kwa anayefika uwanja wa vita kwa gari, akashuka, akasoma bango na kuondoka.

Kilomita za kwanza kutoka Georgetown huwa na watu wengi, hasa Jumamosi na Jumapili, na maporomoko ya Great Falls huwavutia wapiga picha. Upweke huanza baada ya hapo. Karibu na kilomita ya 50 ni Edwards Ferry, na mbele kidogo kisiwa cha Harrison hugawanya mto. Ng'ambo yake, Virginia, ni genge la Ball's Bluff. Tarehe 21 Oktoba 1861 kikosi cha Kaskazini kilivuka hapo kwa mashua chache mno, kikapanda genge, kikapigwa na kurudishwa nyuma hadi ukingoni. Mashua zilizama kwa kuzidiwa na watu, na siku zilizofuata maiti zilichukuliwa na maji hadi Washington. Kamanda aliyeuawa, Kanali Edward Baker, alikuwa seneta wa Oregon na rafiki wa Lincoln, ambaye alimpa mwanawe wa pili jina lake. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza uendeshaji wa vita. Kwa ukubwa wa vita vile, Ball's Bluff lilikuwa pigano dogo. Lililoua wengi ni uzembe wa kutohesabu mashua.

Kwenye kilomita ya 68 mfereji unavuka Mto Monocacy juu ya daraja la maji lenye matao saba na urefu wa mita 157, lililokamilika mwaka 1833. Baiskeli hupita kandokando, pale walipopita nyumbu. Mawe yake, meupe yenye wekundu hafifu, yalichongwa kwenye Mlima Sugarloaf ulio jirani. Septemba 1862, jeshi la Jenerali wa Kusini Robert E. Lee lilipovuka Potomac kuingia Maryland, askari wake walijaribu kulilipua daraja hilo, wakakuta mawe magumu kuliko zana walizokuwa nazo. Wakaondoka. Ni moja ya majengo mazuri kuliko yote kwenye njia hii, na mtu afanye haraka mahali pengine, si hapa.

Kisha milima husogea, bonde hujibana, na karibu na kilomita ya 98 Mto Shenandoah huingia Potomac. Katika pembe ya mito hiyo umejengwa mji wa Harpers Ferry, uliokuwa na kiwanda cha serikali cha kutengeneza bunduki pamoja na ghala la silaha. Kutoka njia ya mfereji huingiwa kwa daraja la waenda kwa miguu lililopachikwa ubavuni mwa daraja la reli, na ili kulifikia mtu hupanda ngazi ya chuma inayozunguka, baiskeli ikiwa begani. Mwenye mizigo mingi huifungua kwanza mikoba yake akapanda mara mbili.

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 wanaume wenye silaha walivuka mto mahali hapohapo. Kiongozi wao alikuwa John Brown, mzungu aliyeamini kwamba utumwa hautaondoka bila damu. Walikuwa wametoka kwenye shamba alilolikodi Maryland, yapata kilomita nane kutoka mjini, nao walitaka kuteka ghala na kuwagawia watumwa bunduki. Wafuasi wake walikuwa 21, watano wao Weusi. Mmoja wa hao watano, Dangerfield Newby, alikuwa na mke na watoto utumwani Virginia na alitumaini kuwakomboa. Aliuawa akiwa wa kwanza kati ya washambuliaji. Kinaya ni kwamba mtu wa kwanza kabisa kufa usiku ule, kwa risasi ya watu wa Brown, alikuwa Heyward Shepherd, mtu Mweusi huru aliyefanya kazi ya mizigo kwenye stesheni ya reli. Baada ya saa 36 hivi Brown alizingirwa ndani ya kibanda cha magari ya zimamoto na askari wa majini walioongozwa na Robert E. Lee, yule aliyekuja kuongoza jeshi la Kusini. Alinyongwa tarehe 2 Desemba mwaka huohuo.

Kibanda chenyewe kina safari zake. Kilibomolewa tofali kwa tofali, kikapelekwa Chicago kuonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya 1893, kikarudishwa na kujengwa kwenye shamba, kisha kwenye uwanja wa Chuo cha Storer, na mwaka 1968 kikawekwa karibu na kilipokuwa mwanzo. Chuo cha Storer kilifunguliwa baada ya vita kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Agosti 1906 mwanazuoni Mweusi W.E.B. Du Bois na wenzake wa Vuguvugu la Niagara, lililodai haki za Wamarekani Weusi, walifanya mkutano wao chuoni hapo, na asubuhi moja wakaenda kwenye kibanda cha Brown wakiwa pekupeku, kama watu wanaoingia mahali patakatifu. Miaka ya 1920 chuo hicho kilimpokea kijana wa Kinaijeria, Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi yake. Majengo ya chuo bado yapo juu ya kilima, na msomaji wa Kiafrika akipita huko bila kupanda kuyaona atakuwa ameacha sehemu ya historia yake mwenyewe.

Wakati wa vita mji wa Harpers Ferry ulibadilisha mikono mara nane, na kusimama kwenye ncha ya mito kunaeleza sababu. Mji uko kama chini ya bakuli: anayeshika vilima vinavyouzunguka ndiye anayeushika. Septemba 1862 Jenerali wa Kusini Thomas Jackson, aliyejulikana kwa jina la Stonewall, aliweka mizinga juu ya vilima hivyo, na tarehe 15 zaidi ya askari 12,000 wa Kaskazini wakasalimu amri.

Siku mbili baadaye, kilomita chache mbele, ikawa Antietam. Lee alikuwa ameligawa jeshi lake, na nakala ya amri yake ya siri ilikuwa imeokotwa na askari wa Kaskazini karibu na Frederick ikiwa imefungiwa sigara tatu. Jenerali wa Kaskazini George McClellan alijua adui yuko wapi, lakini akachelewa kama ilivyokuwa desturi yake. Mapambano ya tarehe 17 Septemba 1862 kuzunguka kijiji cha Sharpsburg yalianza alfajiri katika shamba la mahindi, yakahamia kwenye barabara ya shamba iliyochimbika kwa magurudumu ya mikokoteni, yakamalizikia kwenye daraja la mawe la matao matatu juu ya kijito cha Antietam, ambako askari wa Kusini wapatao 500 kutoka Georgia waliwazuia maelfu wa Kaskazini kwa saa kadhaa. Waliokufa, kujeruhiwa na kupotea kutoka pande zote walifikia takriban 23,000. Hakuna siku nyingine moja katika historia ya Marekani iliyomwaga damu kiasi hicho.

Kulifikia uwanja huo, mwendesha baiskeli huiacha njia ya mfereji na kupanda barabara za vijijini hadi Sharpsburg. Hapo magari yapo, ingawa machache, na barabara ya mzunguko ndani ya uwanja, yenye urefu wa kilomita 13 na nusu hivi, ina vilima vinavyomkumbusha mtu kwamba utambarare aliouzoea ulikuwa wa mfereji tu. Vilima hivyo vina somo lake. Kutoka mbali uwanja unaonekana shwari kama meza, lakini kwenye baiskeli miguu hugundua mabonde madogo ambamo kikosi kizima kiliweza kujificha kisionekane na kingine kilicho umbali wa kutupa jiwe. Makaburi ya taifa yaliyo mashariki ya kijiji yana askari 4,776 wa Kaskazini. Wa Kusini hawakuruhusiwa humo, na wengi walizikwa Hagerstown, Frederick na Shepherdstown.

Mambo mawili zaidi yako kando ya mfereji wenyewe, na wageni wa magari huyakosa. La kwanza ni pango la Killiansburg, lililo kwenye mwamba juu ya njia, ambamo wanakijiji wa Sharpsburg walijificha wakati mizinga ikinguruma. La pili ni kivuko cha Pack Horse, chini kidogo ya Shepherdstown. Lee alipigana Antietam akiwa ameupa mto mgongo, na hapo ndipo palikuwa mlango wake wa kutokea. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Septemba jeshi lake lote lilipita kwenye maji hayo kurudi Virginia. Anayesimama ukingoni na kuona jinsi palivyo pembamba ataelewa kwa nini wanahistoria hawajachoka kumlaumu McClellan, ambaye alikaa siku nzima bila kushambulia.

Ushindi ulikuwa nusu, lakini ulimtosha Lincoln. Tarehe 22 Septemba alitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 1863 watumwa wote katika majimbo yaliyoasi wangekuwa huru. Maryland haikuwa imeasi. Kwa hiyo watu waliokuwa utumwani kando ya mfereji, mwendo mfupi kutoka uwanja ulioleta tangazo lile, hawakuhusika nalo, na walisubiri hadi katiba mpya ya jimbo ya 1 Novemba 1864. Juu ya kilima mkabala na Shepherdstown ipo nyumba ya shamba la Ferry Hill, ambako miaka ya 1830 watumwa ndio waliovusha watu na mizigo kwa pantoni. Waliishi wakitazama mto kila siku, na mto haukuwa na ng'ambo ya uhuru.

Kuelekea magharibi vita hupungua na misitu huongezeka. Williamsport, kilomita ya 160, ndipo Lee alipokwama Julai 1863 akirudi baada ya kushindwa Gettysburg, mto ukiwa umefurika. Askari wake walibomoa majengo kupata mbao za daraja, wakavuka usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 kabla Jenerali Meade wa Kaskazini hajawafikia, na Lincoln akasononeka. Kilomita 20 hivi mbele ipo Ngome ya Frederick, ya mawe, iliyojengwa mwaka 1756 katika vita vya Waingereza na Wafaransa. Baada ya Hancock makazi huwa machache, na karibu na kilomita ya 250 njia hupenya mlima kwa handaki la Paw Paw, lenye urefu wa mita 950. Ujenzi wake ulikadiriwa miaka miwili, ukachukua 14, na matofali yapatayo milioni sita. Ndani ni giza totoro: mtu hushuka, huwasha tochi na kukokota baiskeli akishika ukuta.

Cumberland mfereji unakwisha, lakini njia isiyo na magari haiishi. Hapo huanza njia ya Great Allegheny Passage, iliyojengwa juu ya reli zilizoachwa na kukamilika mwaka 2013, kilomita 240 hadi Pittsburgh. Hupanda taratibu hadi mita 729 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka na Mto Youghiogheny. Vita vya bonde hili ni vya zamani zaidi. Jirani na Ohiopyle, kwa anayekubali kupanda mlima mkali kwenye barabara ya magari, ipo Ngome ya Necessity, ambako tarehe 3 Julai 1754 kijana wa miaka 22, George Washington, alisalimu amri mbele ya Wafaransa. Mwaka uliofuata Jenerali Edward Braddock aliongoza jeshi la Waingereza kutoka Cumberland, akashindwa na kujeruhiwa vibaya kando ya Mto Monongahela, nje ya Pittsburgh ya sasa. Alifariki siku chache baadaye.

Njia zote mbili kwa pamoja ni kilomita 537 hivi, na watu wengi huzimaliza kwa wiki moja au zaidi kidogo. Gari halihitajiki hata kufikia mwanzo: treni ya Amtrak inayounganisha Pittsburgh, Connellsville, Cumberland, Harpers Ferry na Washington hubeba baiskeli, ila nafasi yake huwekwa mapema na treni hupita mara moja tu kwa siku kila upande. Kando ya mfereji kuna kambi za bure zipatazo 30, kila moja ikiwa na choo na pampu ya maji ya mkono. Mtu haruhusiwi kulala zaidi ya usiku mmoja katika kambi moja, na pampu hufungwa majira ya baridi. Hakuna mapipa ya taka, hivyo kila mtu huondoka na uchafu wake. Kengele ni lazima.

Baiskeli yenye matairi mapana hufaa zaidi, kwa kuwa njia ya mfereji ni ya kokoto na udongo, na mvua ikinyesha hugeuka tope linaloshika breki na mnyororo. Tyubu za akiba na vifaa vya kuziba pancha vibebwe, maana kati ya Hancock na Cumberland fundi ni adimu. Majira mazuri ni Mei na Juni, au Septemba na Oktoba. Kupe ni wengi na baadhi huambukiza ugonjwa wa Lyme, hivyo mwili ukaguliwe kila jioni. Mafuriko nayo bado hukata njia, kwa hiyo matangazo ya hifadhi yasomwe kabla ya kuondoka.

Mwenye siku mbili tu asihangaike na Cumberland. Ashuke kwenye treni Harpers Ferry, alale hapo, asubuhi anyonge kilomita 26 hadi gati la Snyders karibu na Sharpsburg, azunguke uwanja wa Antietam na kurudi kwa njia ileile. Kipande hicho kina pango, kivuko, shamba la watumwa na uwanja wa vita, na ndicho bora kuliko vyote katika bonde zima.